Kidole Hakibadilishwi Kama Neno Siri

Mwalimu wa Dongobesh au karani wa Katesh anapoweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio, kwa kawaida kinachohifadhiwa humo si picha ya kidole. Mashine hutafuta mahali mistari ya ngozi inapokatika au kugawanyika, hupima nafasi na mwelekeo wake, kisha huweka namba. Kesho yake hupima tena na kulinganisha. Wapo wanaoamini kwamba namba hizo zikiibwa hazina madhara. Wanakosea. Tangu mwaka 2007 watafiti wameonyesha kwamba zinatosha kuchora upya alama inayokaribia ile ya asili, kiasi cha kuihadaa mashine nyingine.

Neno siri likivuja hubadilishwa siku hiyohiyo. Mistari ya vidole hukamilika mtoto akiwa bado tumboni, na haibadiliki. Jembe na chaki huweza kuisugua hadi isisomeke, lakini ngozi ikipumzika inarudi ilivyokuwa.

Hapo ndipo fidia inapokuwa ngumu. Mwaka 2015 ofisi ya Marekani inayosimamia watumishi wa serikali ilitangaza kuibwa kwa taarifa za watu milioni 21.5, milioni 5.6 kati yao walipoteza hata alama za vidole. Mwaka 2022 yalifikiwa makubaliano ya fidia ya dola milioni 63, ila kwa walioweza kuonyesha hasara waliyokwisha kuipata. Uingereza, mkaguzi wa ndani wa maduka ya Morrisons alivujisha kwa kisasi taarifa za mishahara ya wafanyakazi karibu 100,000 mwaka 2014. Tarehe 1 Aprili 2020 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwajiri habebi lawama ya kisasi cha mtu huyo. Wafanyakazi walioshtaki wakatoka mikono mitupu.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inampa aliyeathirika haki ya kudai fidia. Mwajiri anatakiwa kuzilinda taarifa, na zikivuja aijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa. Malalamiko hupelekwa kwenye Tume hiyo, iliyozinduliwa 3 Aprili 2024. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hauhusiki. Huo ni wa ajali na magonjwa yatokanayo na kazi.

Dai linasimama kwa ushahidi. Muuguzi wa Haydom akiona makato asiyoyajua kwenye hati ya mshahara, au akidaiwa mkopo ambao hakuuomba, atunze hati hiyo, ujumbe wa simu na tarehe, kisha amwandikie mwajiri kwa barua na kubaki na nakala. Mazungumzo ya koridoni hayathibitishi kitu.

Lakini aliyeibiwa alama ya kidole atathibitisha nini leo, ikiwa mwizi ataitumia miaka kumi ijayo? Naamini hatari hiyo yenyewe inastahili kuhesabiwa kuwa madhara, maana mtu amepoteza kitu kisicholipika. Na sheria hiyohiyo inataka zikusanywe taarifa zinazohitajika tu kwa lengo lililotajwa. Ofisi ya watu kumi, ambamo kila mmoja anamjua mwenzake kwa jina na ukoo, inaweza kuhesabu mahudhurio kwa daftari la kusaini. Mwajiri anayetaka vidole vyao ndiye anayepaswa kueleza kwa nini daftari halimtoshi.