Nyuma ya Ukuta wa Cartagena

Haya watoto, jongeeni. Leo safari yetu ni Cartagena, mji wa bandari wa Kolombia, ukingoni mwa Bahari ya Karibi. Tuna siku mbili tu. Hazitoshi kuumaliza mji, lakini zinatosha kujua nani aliujenga na nani anaulisha hadi leo, na hilo kwangu ni kubwa kuliko picha mia za majengo.

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, tupande ukutani. Mji ulianzishwa mwaka 1533 na Mhispania Pedro de Heredia, na dhahabu na fedha za Amerika Kusini zikawa zinapitia hapa kwenda Hispania. Palipo na hazina hapakosi maharamia. Mwaka 1586 Mwingereza Francis Drake aliuteka mji, akawa anachoma nyumba mpaka wenyeji walipomlipa fidia aondoke. Tangu hapo Wahispania wakajizungushia mawe, kazi iliyoendelea kwa karibu miaka 200. Mawe hayo hayakubebwa na magavana. Sehemu kubwa ilijengwa na Waafrika waliotekwa, wakavushwa bahari na kuuzwa humu humu, kwenye uwanja ambao leo unaitwa Plaza de los Coches. Mkipita hapo, simameni kidogo.

Nje ya ukuta, juu ya kilima, ipo ngome ya San Felipe de Barajas. Ingieni kwenye mahandaki yake. Yalijengwa ili sauti isafiri, askari wasikie hatua za adui angali mbali. Mwaka 1741 Admirali Edward Vernon wa Uingereza alikuja na meli zaidi ya 100. Mji ulilindwa na Blas de Lezo, ambaye vita vya nyuma vilikuwa vimeshamnyang'anya mguu mmoja, jicho moja na nguvu za mkono mmoja. Husimuliwa kwamba Waingereza walipofika chini ya ngome na ngazi zao, ngazi zilikuwa fupi. Kisha mbu wakafanya ambalo mizinga ilishindwa: homa ya manjano iliwaua askari kwa maelfu, na Vernon akatweka matanga akaondoka. Kumbe huko kwao watu walikuwa wameshatengeneza medali za ushindi, zikimwonyesha Lezo amepiga magoti!

Sasa njaa imeanza. Turudi ndani ya ukuta. Mkabala na mnara wa saa wa mji kuna baraza yenye matao, Portal de los Dulces, wanakouza vitu vitamu kutoka kwenye mitungi ya kioo: kashata za nazi, vidonge vya ukwaju, peremende za papai. Chukueni kidogo kidogo, muonje vingi.

Barabarani mtawaona wanawake wenye magauni ya manjano, buluu na nyekundu, mabakuli ya matunda yametulia kichwani. Hao huitwa palenquera. Wengi asili yao ni San Basilio de Palenque, kijiji kilicho kama kilomita 50 kutoka hapa, na hadithi ya kijiji hicho ndiyo ninayoipenda kuliko zote za safari hii. Mwafrika aliyeitwa Benkos Biohó alitoroka utumwani mwishoni mwa karne ya 16, akaenda na wenzake hadi kwenye vinamasi na misitu, wakajenga maboma yao na kuyalinda kwa silaha. Watawala wa Kihispania walifanya naye mapatano ya amani, kisha wakamkamata na kumnyonga mwaka 1621. Watu wake hawakurudi utumwani. Wazee wa Palenque husimulia kwamba wanawake walisuka nywele kwa mistari iliyoonyesha njia za kutorokea, wakapita mbele ya mabwana zao bila kushukiwa. Lugha yao ipo hadi leo. Imechanganya Kihispania na Kikongo, lugha ya Kibantu iliyo ndugu wa Kiswahili. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza utamaduni wao kuwa urithi wa binadamu wote.

Kwa hiyo msimpige palenquera picha kimya kimya na kukimbia. Msalimieni, ulizeni bei, nunueni embe au nanasi. Kusimama juani na mzigo kichwani ni kazi, na kazi ina ujira wake.

Chakula cha mchana ni samaki mzima wa kukaanga, ndizi mbichi zilizokaangwa, zikapondwa, zikarudishwa tena kwenye mafuta, na wali wa nazi. Wali huu si mweupe kama wa pwani yetu. Hapa tui huchemshwa hadi likauke, mafuta yajitenge, na mashapo yageuke kahawia, ndipo mchele unapotiwa pamoja na sukari guru. Ni mtamu, una harufu ya nazi iliyoungua kidogo, na mimi nauona unamfaa samaki kupindukia.

Ununuzi wetu ni Las Bóvedas, vyumba 23 vilivyojengwa ndani ya ukuta. Zamani vilikuwa ghala, kisha gereza. Sasa ni maduka. Tafuteni mikoba ya nyuzi ya wanawake wa Kiwayuu kutoka jangwa la La Guajira, na kofia za ukili za jamii ya Wazenu. Kofia nzuri ukiikunja inarudia umbo lake. Waulizeni wauzaji wawaonyeshe.

Jioni tuvuke hadi mtaa wa Getsemaní, mtaa wa mafundi. Watu wake, wakiongozwa na Pedro Romero, walishika silaha tarehe 11 Novemba 1811, na mji ukatangaza kujitenga na Hispania. Sasa watoto hucheza mpira uwanjani mbele ya kanisa la Trinidad, na pembeni wanakaanga arepa de huevo: mkate wa mahindi unaokaangwa, unachanwa, unatiwa yai bichi tumboni, kisha unarudishwa kwenye mafuta.

Ukisikika muziki wa champeta, tegeni sikio kwenye gitaa. Katika miaka ya 1970 mabaharia walileta bandarini sahani za muziki wa Kongo na nchi nyingine za Afrika. Wenye spika kubwa za mitaani walibandua lebo ili washindani wasijue wimbo ni wa nani, na wasikilizaji wakazibandika nyimbo majina mapya. Vijana wa hapa wakatunga zao juu ya magitaa hayo. Kwa hiyo wakipiga wimbo wa zamani ambao babu zenu waliucheza, mwambieni mpigaji jina la kwanza la wimbo huo. Atafurahi kulijua.