Tumwone na Mwenzetu

Kujipenda twazaliwa nako. Mtoto mchanga hulia kwa njaa yake, wala haulizi kama mama amekula. Lakini mtu mzima, hasa mwanachama aliyeahidi kuwatumikia watu, hana ruhusa ya kubaki mtoto. Wapo waaminio kwamba ubinafsi huondolewa kwa mahubiri. Sisi twaona kwamba mtu huwasahau wenziwe kwa sababu hawaoni.

Tuikumbuke tarehe 22 Oktoba, 1966. Siku hiyo wanafunzi, wengi wao wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana mpaka Ikulu kupinga utumishi wa lazima katika Jeshi la Kujenga Taifa, ambao ungewafanya wapokee sehemu tu ya mshahara kwa muda. Hawakuwa watu wabaya. Walijilinganisha na wakubwa waliokuwa juu yao, wakajiona wameonewa. Mkulima ambaye jasho lake ndilo lililowasomesha hawakumtia katika hesabu. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400. Hata hivyo alikiri kwamba katika jambo moja walisema kweli: mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno. Akaupunguza wake kwa asilimia 20, kutoka shilingi 5,000 kwa mwezi hadi 4,000. Kwa maoni yetu, shilingi 1,000 zile zilifundisha kuliko adhabu yote.

Utumishi wenyewe uliwekwa ili msomi alime ubavuni mwa kijana wa kijijini, wale chakula kimoja, na malengelenge ya jembe yawatoke wote wawili. Ulisimamishwa mwaka 1994, ukarudishwa mwaka 2013 kwa vijana wanaomaliza kidato cha sita. Wako wazazi wadhanio kwamba shabaha yake ni kwata tu. Kwata hata askari wa gwaride hujifunza!

Na sasa tuingie ofisini. Bibi mmoja ametoka kijijini usiku, amefika asubuhi na karatasi zake zimefungwa katika pembe ya khanga. Karani anamwambia, "Njoo kesho." Kwa karani, kesho ni neno moja tu. Kwa bibi ni nauli ya pili, na usiku wa kulala asikojua. Karani aliyepata kungoja gari la alfajiri kando ya barabara ya vumbi, fedha zake zimehesabiwa kwa safari moja tu, huziomba zile karatasi azitazame papo hapo.