Selimundu: utafiti wa Profesa Makani na watoto wa kanda yetu

Mtoto anayevimba vidole vya mikono na miguu, akalia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa na macho yake yakageuka manjano, hapa kwetu Segese hupewa majina mengi kabla ya kupewa jina lake la haki. Wapo wanaosema amerogwa. Wapo wanaomnyooshea mama kidole. Jina la haki ni selimundu, au siko seli kama wengi tunavyouita ugonjwa huo, na miongoni mwa walioandika mengi juu yake ni mwanamke wa Kitanzania, Profesa Julie Makani.

Alihitimu udaktari Muhimbili mwaka 1994, kisha akasomea magonjwa ya damu Uingereza. Mwaka 2004 yeye na wenzake walianza kuwaandikisha wagonjwa wa selimundu pale Muhimbili na kuwafuatilia mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka. Ni kazi ya subira, isiyo na shangwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: wagonjwa 1,725 waliandikishwa hadi mwaka 2009, na 86 kati yao wakafariki. Kwa kila wagonjwa 100 waliofuatiliwa mwaka mmoja, takriban wawili walifariki. Lakini kwa walio chini ya miaka mitano, walikuwa zaidi ya saba. Na hao ni watoto waliobahatika kufika kliniki. Aliyezikwa kijijini kabla ya kupimwa hayumo katika hesabu hiyo.

Kwa nini wadogo zaidi? Chembe nyekundu za damu, zinapopinda mfano wa mundu, huziba mishipa midogo na kuiharibu bandama mapema. Bandama ni sehemu ya kinga ya mwili. Ikidhoofika, homa ya kawaida yaweza kumwondoa mtoto kwa siku moja. Ndiyo maana madaktari huwapa watoto hawa penisilini kila siku hadi umri wa miaka mitano, na kusisitiza chanjo ya nimonia.

Andiko lake jingine, la mwaka 2010, lilihusu malaria. Inajulikana kwamba mwenye kinasaba kimoja tu cha selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na baadhi ya watu wakadhani mgonjwa naye amekingika. Utafiti wa Muhimbili ulionyesha kuwa wagonjwa hawa hawapatikani na vimelea mara nyingi kuliko wengine, ila wakilazwa navyo hupungukiwa damu mno na hatari ya kufa huongezeka. Chandarua kwao ni dawa.

Hayo ni ya Dar es Salaam. Huku kwetu, Dkt. Emmanuela Ambrose na wenzake wa Bugando, Mwanza, walitumia matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, ambayo tayari yalikuwa yamechukuliwa kwa watoto wachanga wa kanda hii ili kupima virusi vya UKIMWI. Walipima sampuli zaidi ya 17,000. Ripoti yao ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa takriban mtoto mmoja kati ya watano hubeba kinasaba kimoja, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe.

Mmoja kati ya watano! Basi wachumba wakikutana pasipo kupimwa, katika ndoa 25 yaelekea moja itawakutanisha wabebaji wawili, ambao huonekana wazima kabisa. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Haina maana kwamba akishaugua mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Hesabu huanza upya kila mimba.

Tumeulizwa msikitini kama kupima damu kabla ya akdi ni upungufu wa tawakkul. Sisi hatuoni hivyo. Mzazi huuliza dini, tabia na nasaba ya mposaji, na hakuna anayemlaumu; kuuliza damu ni katika njia hiyo hiyo. Saudi Arabia imewataka wachumba wapimwe selimundu tangu mwaka 2004, na baada ya majibu uamuzi wa kuoana hubaki kwao wenyewe.

Waliokwisha oana wasihesabu kuwa wamechelewa. Wampeleke mtoto hospitali apimwe wiki za mwanzo, kabla vidole havijavimba, na wakifika wamwambie daktari waziwazi kama katika ukoo yupo aliyeugua au aliyefariki mdogo.