CHUNGUZENI KWANZA, NDIPO MKATE SHAURI

Ng'ombe wako akipunguza maziwa ghafula, husimami zizini ukapiga kelele. Wamtazama kiwele. Watazama hori kama chakula kimeliwa. Wamwuliza aliyemkama jana, na aliyempeleka majini. Ukishajua sababu ndipo watoa fedha ya dawa au ya chakula. Mkulima anayenunua dawa kabla ya kujua ugonjwa hutupa fedha zake, na pengine humpoteza ng'ombe pia.

Lakini maziwa ya chama cha ushirika yakipungua, twafanya namna nyingine. Twaita mkutano. Mmoja asimama na kusema ya kuwa wanachama si waaminifu, wanawauzia wachuuzi. Wa pili asema bei ni mbaya. Wa tatu asema kamati ndiyo mbaya. Mwenye sauti kubwa ndiye ashindaye, na mwisho mkutano wapitisha kununua mashine ya kupozea maziwa, ambayo italipwa kwa kukata senti katika kila lita ya kila mwanachama kwa miaka mingi. Pengine mashine ndiyo dawa. Pengine siyo. Hakuna aliyepima.

Iko njia ya kupima mambo ya watu, kama iliyoko ya kupima udongo. Wataalamu huiita utafiti wa jamii. Si kazi ya vyuo vikuu peke yake. Chama cha wakulima chaweza kuifanya kwa daftari, kalamu na subira, mradi kifuate taratibu zake.

KAZI HII SI NGENI KWETU

Mashamba ya settlement yalipoanza kugawanywa mwaka 1962, mipango yake iliandikwa kwa makisio. Shamba la namna hii lilitazamiwa kumpa mkulima faida ya paundi 25 kwa mwaka, na la namna ile paundi 100, baada ya familia kula na mkopo kulipwa. Hayo yalikuwa makisio ya karatasi tu. Ili kujua kama ni kweli, ilibidi watu waende kwa wakulima wenyewe, waandike kilichouzwa na kilichonunuliwa. Ndivyo serikali ilivyofanya katika miaka hiyo ya 1960.

Mfano mwingine watoka Tetu, wilaya ya Nyeri, mapema katika miaka ya 1970. Mahindi ya haibridi yalikuwa yamekwisha tolewa Kitale tangu mwaka 1964, lakini wakulima wengi walikuwa hawajayapanda. Watu walisema, "Hao ni wagumu, hawataki mambo mapya." Watafiti walipochunguza, waliona ya kuwa maafisa wa kilimo waliwatembelea zaidi wale wakulima waliokwisha endelea, na wengine hawakufikiwa sana. Basi wakawaita wale walioachwa nyuma kwa masomo mafupi katika chuo cha wakulima. Karibu wote walirudi nyumbani wakapanda haibridi. Walioitwa wagumu walikuwa hawajafundishwa. Kama hakuna aliyechunguza, wangelaumiwa mpaka leo.

Sasa tutazame hatua za kazi yenyewe. Tuchukue mfano wa chama chenye wanachama 600, ambacho maziwa yake yamepungua.

1. ANDIKENI SWALI MOJA

"Tuchunguze hali ya maziwa" si swali. Ni kama kusema "tulime" bila kusema shamba gani. Swali zuri hukuonyesha nani wa kuulizwa, na jibu lake hubadili jambo mtakalofanya. Mathalani: "Kwa nini wanachama waliokuwa wakileta maziwa mwaka jana hawaleti sasa?" Jiulizeni hivi: jibu likiwa hili tutafanya nini, na likiwa lile tutafanya nini? Mkiona ya kuwa mtanunua mashine kwa vyovyote, msiwasumbue watu kwa maswali.

2. SOMENI DAFTARI ZENU KWANZA

Mambo mengi mmekwisha yaandika. Daftari la kupokea maziwa laonyesha nani aliacha, mwezi gani, na anakaa upande gani. Tuseme mwaona ya kuwa katika wanachama 600, mwezi uliopita walioleta maziwa ni 410, na 190 hawakuleta hata lita moja. Hapo mmejifunza jambo kubwa kabla ya kumwuliza mtu yeyote.

3. CHAGUENI WATU WA KUULIZWA KWA HAKI

Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Mtu husimama asubuhi mahali pa kupokelea maziwa na kuwauliza wanaokuja. Lakini wanaokuja ni wale 410. Wale 190 wenye jibu hawapo! Ukiuliza mkutanoni ni vivyo hivyo: aliyekata tamaa na chama haji mkutanoni.

Kuwauliza wote pia ni njia. Serikali hufanya hivyo katika kuhesabu watu, kama usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti mwaka 2019, ambapo watu 47,564,296 walihesabiwa katika Kenya. Lakini kazi ya namna hiyo ina gharama kubwa. Mpishi hali sufuria nzima ili ajue kama chumvi imetosha. Hukoroga vizuri, kisha huonja kijiko kimoja. Siri iko katika kukoroga.

Kukoroga ni hivi. Andikeni namba za wanachama wote 600, kila namba katika kipande chake cha karatasi, vyote vya kipimo kimoja. Vitieni ndani ya debe, mtikise sana, kisha mtoto atoe vipande 60 bila kutazama. Hao ndio mtakaowauliza, na si wengine. Mwenyekiti asimtie rafiki yake, wala asimtoe adui yake. Kila mwanachama awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa: tajiri na maskini, aliye karibu na barabara na aliye ng'ambo ya mto.

Ukifika usimkute mtu, rudi siku nyingine, tena na tena. Usimwulize jirani kwa kuwa yeye yuko nyumbani. Anayekosekana nyumbani mchana pengine amekwenda kufanya kibarua, na hicho kibarua chaweza kuwa ndicho sababu ya ng'ombe kukosa majani.

Tena, fikirini nani katika boma ajuaye jambo lenyewe. Kadi ya chama yaweza kuwa na jina la mume, lakini akamaye na kupima ni mke. Katika miaka ya 1970 mtafiti Kathleen Staudt kutoka Marekani alichunguza mashamba ya Kakamega, akakuta ya kuwa mashamba yaliyosimamiwa na wanawake hayakupata msaada wa maafisa wa kilimo kama yale yaliyokuwa na mwanamume. Asingeliona jambo hilo kama angaliongea na waume tu.

4. TUNGENI MASWALI YASIYOMTIA MTU JIBU MDOMONI

Ukiuliza, "Je, hukubali ya kuwa wachuuzi wanaharibu chama chetu?" kila mtu atajibu ndiyo, na hutajua lolote. Yafuateni haya:

(a) Swali moja liulize jambo moja. "Je, bei na usafiri ni vizuri?" ni maswali mawili. Akijibu "hapana", hujui ni kipi.

(b) Ulizeni habari za siku inayokumbukwa. Badala ya "Kwa kawaida wapata maziwa kiasi gani?", ulizeni, "Jana asubuhi mlikama kiasi gani? Jana jioni? Yalikwenda wapi?"

(c) Tumieni vipimo vya nyumbani. Akisema chupa mbili, ombeni kuiona chupa. Akisema gorogoro ya chakula cha ng'ombe, andikeni gorogoro, mtageuza kuwa kilo baadaye.

(d) Mambo ya haya na ya deni yawe mwisho, baada ya mtu kuzoea.

Kisha yajaribuni maswali kwa watu watano ambao hawamo katika wale 60. Swali wasilolielewa lina kosa, si wao. Lirekebisheni kabla ya kuanza.

5. NANI AULIZE?

Asiwe katibu anayeandika malipo, wala mwanakamati. Mtu atawezaje kumwambia katibu ya kuwa malipo yanachelewa? Vijana wawili au watatu waliosoma, wasio na ugomvi na mtu, wafaa zaidi. Wafundisheni kusoma swali kama lilivyoandikwa, kunyamaza, na kuandika jibu kama lilivyosemwa.

Kila boma waseme kwanza wametumwa na nani, kwa ajili gani, na ya kuwa mtu ana ruhusa ya kukataa. Katika karatasi ya majibu waandike namba, si jina. Wazee wetu katika settlement wamezoea kuogopa mgeni mwenye karatasi: huenda ametoka kudai mkopo. Kwa hiyo ng'ombe watano huwa wawili. Hofu hiyo haiondoki kwa maneno matamu. Huondoka watu wanapoona ya kuwa waliyoyasema hayakutangazwa kwa majina yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 pia yalinda habari za mtu. Na mtafiti ajaye kutoka nje atakiwa na sheria ya mwaka 2013 awe na kibali cha tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Una haki ya kumwomba akuonyeshe.

6. HESABUNI, KISHA MLINGANISHE

Majibu yakirudi, chukueni karatasi kubwa. Kwa kila jibu pigeni kijiti. Vijiti vinne, na cha tano kivikate. Tuseme katika watu 60 mmepata kwamba 41 huleta maziwa na 19 hawaleti. Linganisheni na daftari: 190 katika 600 ni sawa na 19 katika 60. Vizuri, mlikoroga vyema.

Sasa tazameni hao 19. Watatu hawana ng'ombe wa kukamwa. Watano wasema malipo huchelewa. Kumi na mmoja wasema gari la maziwa hufika jua likiwa kali, na maziwa hukataliwa. Hakuna aliyetaja bei. Tena tazameni wanakokaa. Katika watu 60, waliotoka ng'ambo ya mto ni 15, na 10 kati yao hawaleti. Upande huu ni watu 45, na wasioleta ni 9 tu. Mngewauliza wasioleta peke yao msingeliona jambo hili. Mtu hujua mahindi yamestawi kwa kuyalinganisha na mengine.

Lakini msikimbilie kusema mmeshika mwizi. Pengine ng'ambo ya mto ni pakavu, na sababu ni majani, si gari. Basi mwekeni mtu mwenye saa barabarani kwa majuma mawili, aandike kila siku gari lilipita saa ngapi. Wakumbuke pia kuuliza kama wasioleta wana maziwa ya kuuza. Maneno ya watu, daftari na macho vikisema jambo moja, mwaweza kuliamini.

Na msidai zaidi ya mlichopima. Mkichagua watu 60 katika 600 kwa njia ya debe, na nusu yao wakasema jambo, kwa kawaida ukweli wa chama kizima waweza kuwa popote kati ya 38 na 62 katika kila mia. Basi semeni "yapata nusu". Na hao 19 ni wachache zaidi. Wanaonyesha njia tu.

7. RUDISHENI MAJIBU KWA WENYEWE

Itisheni mkutano, msome hesabu yote, pamoja na ile isiyoipendeza kamati. Kama watano wamesema malipo huchelewa, lisemwe. Waliopoteza saa yao kujibu wana haki ya kusikia jibu. Wasiposikia, mwaka ujao mlango utafungwa.

Katika mfano wetu mkutano sasa una jambo la kuamua. Mashine ya kupozea iliyo upande huu wa mto haitayaokoa maziwa yanayoharibika ng'ambo, yakingojea gari. Pengine kuanzisha gari upande wa ng'ambo kwanza, alfajiri, kutayarudisha maziwa kwa gharama ndogo. Wajaribu miezi mitatu, kisha wasome daftari tena. Wakiona hakuna mabadiliko, watakuwa wamepoteza mafuta ya gari, si jasho la miaka kumi.

Ndugu mkulima, wazee wetu husema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mkutano ujao mtu akisimama na kusema "kila mtu ajua ya kuwa...", mwulize kwa heshima: Umewauliza wangapi? Uliwachaguaje? Na wale ambao hawakuja leo, wamesemaje?