Joto la Dar Halidai Oili Nzito

Ukipeleka Toyota IST kwenye gereji ya mtaani Dar es Salaam na kumwachia fundi achague oili, mara nyingi utatoka na 20W-50 ya kawaida, au hata SAE 40. Sababu huwa ile ile: nchi yetu ina joto, oili nyepesi itageuka maji. Ukihoji, utaambiwa kama fedha unazo ununue sintetiki, ambayo bei yake ni mara mbili au zaidi, kisha usahau habari ya sevisi kwa muda mrefu. Kauli zote mbili zinaharibu injini. Ya kwanza ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu hutolewa kwa nia njema na watu wanaoijua kazi yao.

Namba zilizo kwenye galoni zinahusu uzito wa oili, hazihusu aina yake. 5W-30 inaweza kuwa ya kawaida, inaweza kuwa sintetiki. Namba iliyo kabla ya W inaeleza jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili inakimbia upesi zaidi. Namba ya pili inaeleza uzito wake katika nyuzi 100 za Selsiasi, ambazo ni karibu na joto la oili injini ikiwa kazini. Hapo ndipo hoja ya joto la nchi inapoanguka. Injini ina themostati, na ikishapata moto maji yake hukaa kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi, uwe Tanga au Njombe. Magari haya ya mitumba kutoka Japani, kabla ya kupandishwa meli, yalikuwa yakitembea Osaka mwezi Agosti, ambako joto hupita nyuzi 35, na Toyota haikuwaambia wenyewe waweke 20W-50.

Madhara ya oili nzito huanza asubuhi, gari likiwashwa. Katika nyuzi 40, 20W-50 huwa na mnato wa sentistoki 160 hivi, wakati 5W-30 huwa kati ya 60 na 70. Gari lililolala nje hadi alfajiri ya nyuzi 25, pengo hilo ni kubwa zaidi. Oili hukawia kupanda hadi kwenye kamshafti, na katika sekunde hizo vyuma husagana bila kinga ya kutosha. Kwa injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST, Fielder na Premio za cc 1500, kuna jambo la ziada. Mfumo wake wa VVT-i, unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka, huendeshwa kwa presha ya oili inayopita kwenye vijia vyembamba na kichujio kidogo cha waya. Oili nzito, au iliyochoka ikawa tope, huuchelewesha mfumo huo. Gari linakuwa zito mlimani, linakula mafuta, taa ya cheki injini inawaka. Mwenye gari atabadilishiwa plagi, koili, hata pampu ya mafuta, na oili isitajwe kabisa.

Kwa hiyo uzito kwanza, tena ule uliotajwa na mtengenezaji. Vitabu vya magari haya vimeandikwa kwa Kijapani, lakini namba husomeka kwa lugha yoyote, na mara nyingi zimechapwa kwenye kifuniko cha kumiminia oili.

Ndipo tuulize aina. Oili ya kawaida hutokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa. Molekuli zake hazilingani: zilizo nyepesi huvukizwa na joto, zenye nta huganda kwenye baridi, na nyingine hushikana na oksijeni upesi na kugeuka tope jeusi. Sintetiki huundwa kiwandani ili molekuli zilingane, hivyo haibadiliki sana kati ya baridi na moto na huchukua muda mrefu kuchoka. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, imeyagawa mafuta ya msingi katika makundi 5. La 1 na la 2 ndiyo oili ya kawaida. La 4 ni PAO, ambayo chanzo chake ni gesi ya ethilini, na la 5 ni mengineyo yote, zikiwamo esta. Ugomvi uko kwenye kundi la 3, ambalo ni mafuta ghafi yaliyopitishwa kwenye haidrojeni kwa joto na shinikizo kubwa hadi molekuli zake zikabadilika umbo. Mobil iliilalamikia Castrol huko Marekani kwa kuyauza kama sintetiki, na mwaka 1999 chombo cha kusuluhisha mizozo ya matangazo kikaipa Castrol haki. Tangu wakati huo sintetiki nyingi zinazouzwa duniani ni za kundi hilo. Huo si udanganyifu, maana oili ya kundi la 3 ni nzuri sana. Ila ujue kwamba neno hilo pekee halikuambii umenunua nini.

Kinachokuambia ni herufi za API. Za injini ya petroli huanza na S: SL ilitoka 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Kila toleo lina viungo bora zaidi vya kusafisha, kuzuia tope na kulinda chuma. Madukani kwetu bado utakuta galoni za SF na SG, wakati API yenyewe inasema SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizoundwa baada ya 1988, na SG baada ya 1993. Nikiwekewa oili ya kawaida yenye SN na ile inayojiita sintetiki bila herufi yoyote, nachukua ya kawaida bila kusita.

Sintetiki inalipa wapi basi? Kwenye joto la muda mrefu, na jijini joto hilo linaletwa na foleni. Tupige hesabu. Gari linalotembea kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa kati ya Mbagala na Posta litafikisha kilomita 5,000 injini ikiwa imenguruma saa 333. Gari la safari za Dodoma, kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, litafikisha kilomita hizo hizo kwa saa 83. Dashibodi inaonyesha namba moja, lakini oili ya kwanza imefanya kazi mara nne, tena feni ikivuma na upepo wa mbele haupo. Kanuni ya jumla ya kemia inasema kila joto linapopanda nyuzi 10, kuoza kwa oili huenda kwa kasi karibu mara mbili. Toyota Japani, kwa magari mengi ya petroli yasiyo na turbo, inaruhusu kilomita 15,000 au mwaka mmoja, lakini inapunguza hadi 7,500 au miezi 6 kwa gari la vumbi, la safari fupi na la mwendo wa polepole. Maisha ya gari la Dar es Salaam, au la Nairobi, ni hayo hayo ya pili. Kwa gari la namna hii nashauri sintetiki ya 5W-30, SN au SP, ibadilishwe kati ya kilomita 5,000 na 7,000. Inunue kwa ajili ya kinga. Anayeinunua ili afike 15,000 atailipa akiba hiyo kwenye ringi za pistoni.

Kwa injini yenye turbo hakuna cha kujadili. Iwe Forester ya turbo, Volkswagen ya TSI au Hilux ya D-4D, shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando wa oili pembeni ya moshi wa moto mkali. Oili ya kawaida ikiungua hapo huacha masizi magumu yanayoziba njia yake. Weka sintetiki inayotajwa na mtengenezaji, na kama ni dizeli yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi, iwe ile yenye majivu kidogo.

Kinyume chake, dizeli isiyo na turbo, kama Land Cruiser ya 1HZ au Hiace ya 5L inayopiga ruti ya daladala, haina haja ya gharama hizo. 15W-40 ya kawaida yenye herufi za API za dizeli, CI-4, ikimwagwa kwa wakati pamoja na filta mpya, itaitunza vizuri miaka na miaka. Bodaboda nayo isipewe oili ya gari hata kama ni sintetiki ya bei kali: klachi yake inaogelea ndani ya oili, na inahitaji iliyoandikwa JASO MA, la sivyo klachi itateleza.

Kuna hofu kwamba sintetiki huvujisha injini kuukuu. Sintetiki za mwanzo zilisumbua sili kweli, za leo zimerekebishwa. Kinachotokea ni kwamba oili safi huondoa tope lililokuwa limeziba sili iliyokwisha kufa. Injini inayokula lita nzima kila kilomita 1,000 itengenezwe kwanza, maana humo sintetiki ni fedha inayotoka kwa ekzosi. Kuchanganya aina mbili nako hakuui injini. Ukipungukiwa njiani Chalinze, ongeza iliyopo yenye uzito unaofaa. Wala oili ikiwa nyeusi si lazima iwe imekufa, kwani kubeba uchafu ndiyo kazi yake.

Hatari iliyo kubwa kuliko makosa yote haya ni oili ya kughushi, ambayo huwa haina kiungo hata kimoja kati ya vilivyoandikwa. Nunua kwa wakala anayekupa risiti, kagua kizibo na tarehe ya kutengenezwa, na uwepo oili inapomiminwa. 1NZ-FE huchukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo galoni ya lita 4 isimalizwe yote. Kijiti cha kupimia ndicho kiamue. Galoni ikiisha, itoboe kabla hujaondoka gereji. Ikibaki nzima, yuko wa kuinunua, kuijaza oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa, na kumuuzia mwenzako.