Ukiugua Kazini, Mwajiri Wako Ana Wajibu Gani?

Je, msomaji, wajua kwamba maji ya kunywa kazini si hisani ya tajiri wako? Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka kila mwajiri awape wafanyakazi wake maji safi ya kutosha, wakati wote, mahali pa kazi. Kwa mtu wa Limuru huenda jambo hili likaonekana dogo. Mjini Garissa, ambako joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35, ni suala la uhai.

Mchukuzi anayeshusha magunia ya sukari kutoka kwenye lori, au fundi wa mjengo aliye juu ya mabati, anaweza kupoteza lita nzima ya jasho kwa saa moja. Asipoyarudisha maji hayo, damu huwa nzito, figo hutaabika na mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi. Kichwa huuma, misuli hukaza. Ukimwona mwenzako ameanza kuchanganyikiwa huku mwili wake ukiwaka moto, usingoje: mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, kisha mkimbizeni hospitalini. Hiyo si malaria ya kungojea kesho.

Maji yenyewe nayo lazima yafae kunywewa. Mtungi uliojazwa moja kwa moja kutoka Mto Tana na kuletwa kwa mkokoteni wa punda, bila kutiwa dawa wala kuchemshwa, hautimizi wajibu huo. Kaunti ya Garissa ilikumbwa na kipindupindu katika mwaka wa 2022 na 2023, kwa hiyo tusilichukulie jambo hili kama mzaha.

Na ukiugua? Ukiwa umefanya kazi miezi miwili mfululizo, una haki ya likizo ya ugonjwa: angalau siku 7 kwa mshahara kamili, kisha siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Masharti ni kumwarifu mwajiri mapema iwezekanavyo na kumletea cheti cha daktari. Cheti cha msimamizi wa zahanati anayemwakilisha daktari pia chakubalika. Kwa hivyo usitoke hospitalini na dawa pekee, omba karatasi. Wengi hupoteza haki yao kwa kukosa karatasi hiyo tu.

Mwajiri anatakiwa pia kuhakikisha unapata dawa unapougua, isipokuwa kama unatibiwa bure na serikali au bima inakugharamia. Tangu Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya mshahara hukatwa kwa ajili ya bima ya afya inayosimamiwa na SHA. Ni wajibu wa mwajiri kuzifikisha pesa hizo huko. Hakikisha zimefika kabla hujalala wodini, si baada ya hapo.

Waajiri wengi hujibu: "Wewe ni kibarua tu, hatuna mkataba." Jibu hilo lina mashimo. Kibarua aliyefanya kazi kwa siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, mahakama yaweza kumhesabu kuwa mwajiriwa wa kawaida. Tena, kuandika mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi ni jukumu la mwajiri. Kesi ikifika mahakamani naye hana maandishi, ni yeye atakayetakiwa kukanusha masharti unayodai mlikubaliana. Hata hivyo, weka daftari lako la siku ulizofanya kazi na pesa ulizopokea.

Ajali ni habari nyingine. Ukianguka kutoka jukwaani au ukikatwa na mashine, inatumika Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, nayo pia ni ya 2007. Mwajiri anatakiwa awe na bima ya wafanyakazi wake na airipoti ajali kwa serikali ndani ya siku 7. Mtu akifariki, ndani ya saa 24. Mpe habari upesi, ikiwezekana kwa maandishi, na ubaki na nakala.

Ukifutwa kwa sababu ya kuugua au kwa kuwa mjamzito, usikubali kumalizana kwa maneno dukani. Peleka malalamiko kwa afisa wa leba wa kaunti, na uhesabu siku zako vizuri: malalamiko hayo yanatakiwa kumfikia ndani ya miezi mitatu tangu siku uliyoachishwa kazi.