Programu Huria: Nani Mwingine Anasoma Kompyuta Yetu?



Kamati nyingi za parokia sasa huhifadhi katika kompyuta orodha za wajane na yatima, taarifa za wagonjwa na majina ya wafadhili. Ni haki kuuliza: nani mwingine anaweza kuzisoma?

Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani programu mama inayosimamia nyingine zote. Baadhi ya mifumo ni mali ya kampuni na maandishi yake ya ndani ni siri. Mingine ni huria, kama Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Yeyote anaruhusiwa kusoma maandishi yake, kuyarekebisha na kuyagawa. Uhuru wa namna hiyo ndio uliouwezesha mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004.

Mwaka 2013 Edward Snowden alitoa nyaraka zilizoonyesha jinsi shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilivyokusanya mawasiliano ya watu duniani kote. Tangu hapo wengi wameuliza kama programu huria nazo zina mlango wa siri.

Majaribio yapo. Novemba 2003 mtu asiyejulikana aliingiza mistari miwili katika nakala moja ya Linux, ambayo ingempa mvamizi mamlaka yote juu ya kompyuta. Iligunduliwa kwa kuwa haikulingana na nakala asilia. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuwa kuingia katika kompyuta ya mbali kunachelewa kama nusu sekunde. Alipofuatilia alikuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili. Aliyeuweka alitumia zaidi ya miaka miwili kujenga imani kwa mtunzaji wa programu hiyo, mtu mmoja anayejitolea bila malipo. Wataalamu wengi wanashuku mkono wa serikali fulani, lakini mhusika hajathibitishwa.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Lakini wengi hao lazima wawepo kweli. Maandishi yaliyo wazi ambayo hayasomwi na mtu hayamlindi mtu. Uhuru wa programu hizi kesho unategemea sheria za nchi, na pia watu wachache wanaozitunza leo.

Tunazishauri kamati:

1. Pakueni programu kutoka kwa watengenezaji wenyewe, na kuzisasisha kila mara.
2. Fungeni mafaili ya siri kwa nywila imara.
3. Msikusanye taarifa za watu msizozihitaji.

Nanyi wafadhili, mnapochangia kompyuta, kumbukeni pia mafunzo ya fundi wa parokia, na mchango kidogo kwa wanaotunza programu hizi. Programu huria mara nyingi hutolewa bila malipo, lakini kuilinda kuna gharama.